Alama Zake Kwenye Mchezo wa Matofali

Mchezo wa matofali ukiisha, kompyuta huonyesha orodha ya wachezaji. Kila mmoja ana herufi tatu na alama za mchezo wake wa mwisho, mwenye nyingi juu, mwenye chache chini. Kwenye kompyuta ya duka langu hapa Ikonge, wa chini kabisa ni mke wangu. Mbele ya herufi zake pameandikwa hasi 30,206. Orodha haikuwa imejaa, ndiyo maana ilimpokea hata na alama hizo.

Duka ni chumba kimoja. Nachapisha karatasi, napiga picha za pasipoti, natuma maombi ya watu kwenye mtandao, natengeneza simu. Shule niliiacha kidato cha pili. Mengine nilifundishwa kwenye chuo cha ufundi cha kijijini, na mengi zaidi nilijifunza kwa kuharibu vitu vyangu mwenyewe. Kompyuta yenye mchezo ni ile iliyo pembeni, yenye skrini ya mgongo mkubwa. Niliipata kwa watu wa misheni walipokuwa wakifunga maktaba yao. Haiwezi kuingia kwenye mtandao. Iko pale ili wateja wanaosubiri wawe na la kufanya.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Juu kuna ukuta wa matofali, chini kuna kibao unachokisogeza kulia na kushoto, na katikati kuna mpira. Ukiuacha mpira uanguke, umekwisha. Ukimaliza ukuta, muziki mfupi unalia, unapewa bonasi, ukuta mwingine unakuja.

Mke wangu alianza kuucheza alipoacha kwenda shambani. Koo lilikuwa limeshaanza kumsumbua, nasi tulikuwa bado tunaliita mafua. Tangu utotoni alikuwa amechuma chai, na mchumaji mzuri hatazami vidole vyake. Vidole vikiwa kwenye jani hili, jicho limeshahamia tawi lijalo. Ndivyo alivyocheza. Hakuufuata mpira, alitazama utakapofika na kukipeleka kibao huko mapema. Vijana waliomaliza shule, wanaoshinda sokoni, hawakuwa wakimaliza ukuta hata mmoja. Yeye aliumaliza upesi na kukaa akisubiri mwingine, kama mtu aliyetangulia foleni.

Sisi hatukujaliwa mtoto. Nalisema hili kwa sababu huku kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama fulani, na yeye kwa miaka yote ya ndoa yetu aliitwa kwa jina lake la ubatizo, hata na watoto wadogo. Alilizoea, au alinifanya niamini kwamba amelizoea.

Siku alipopata zile alama ilikuwa siku ya soko na mimi nilikuwa nyuma nikibadilisha kioo cha simu. Niliporudi mbele, mchezo ulikuwa umeisha na vijana watatu walikuwa wameinama juu ya skrini wakicheka. Mmoja wao, ambaye si mbaya, ni mtoto wa jirani tu, alisema, "Mathe, hata ziro imekukataa."

Mwingine akamwita Mama Mainasi, mainasi ikiwa ndiyo hasi kwa lugha yao.

Mke wangu alicheka pamoja nao. Alisema afadhali yeye mwenye hasi kuliko wao ambao hata ukuta mmoja hawajaumaliza. Lakini jina lilishika. Wauza ndizi walilichukua, waendesha pikipiki wakalichukua, na wote walilitumia kwa mapenzi, kwa namna ya sokoni. Mama Mainasi, habari ya asubuhi. Mama Mainasi, naomba chenji. Basi hatimaye aliitwa mama wa kitu. Aliitikia kila mara. Jioni moja tulipokuwa tukifunga duka aliniambia, akiwa ameshika kufuli, "Umesikia wamenipa mtoto." Nikachukua ile kufuli mkononi mwake.

Hakuucheza tena ule mchezo. Nilimwambia ajaribu ili aifute ile namba, akasema mikono imechoka. Baada ya hapo tulianza safari za hospitali kule Kisii, na hapo ndipo tulipoambiwa kwamba si mafua. Sitaandika kuhusu kipindi kile. Tulimzika upande wa kushoto wa nyumba, kama wanawake wanavyozikwa kwetu. Kaburini mzee wa kanisa alisema amevipiga vita vilivyo vizuri. Katika mazishi mengi niliyohudhuria husemwa hivyo, na ratiba zake nyingi nimezichapisha mimi.

Mwaka ulikuwa bado haujaisha alipokuja dukani mwalimu kutoka shule moja ya Sironga, kijana, anafundisha hisabati na kompyuta. Alikuja kuchapisha mtihani. Umeme ukapungua nguvu, mashine kubwa ya kuchapisha ikakataa, na alipokuwa akisubiri akakaa kwenye ile kompyuta ya pembeni. Alicheza vibaya. Orodha ilipokuja akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza ni nani huyu wa mwisho. Nikamwambia.

Alisema pole. Kisha akasema, taratibu, "Huyu hakushindwa, mzee. Huyu alijaza."

Alinieleza. Kwenye michezo ya zamani, alisema, mahali pa kuweka alama ni padogo, mfano wa debe. Debe hilo linabeba mpaka 32,767. Ukiongeza moja tu, haliandiki 32,768, linapinduka na kuanza upande wa pili, kwenye hasi, kule chini kabisa, halafu linaanza kupanda tena kuelekea sifuri. Mtu anayecheza vizuri mno anaonekana kama anayedaiwa. Akasema nitazame vizuri: kila tofali ni alama kumi, sasa namba inayoishia na sita imetoka wapi? Akachukua kalamu akajumlisha upande wa nyuma wa mtihani wake. Ukiiongezea ile hasi mzunguko mzima wa debe, yaani 65,536, unapata 35,330. Inaishia na sifuri. Imekaa sawasawa.

Nilimshukuru. Alipokwenda nilifunga mlango nikakaa.

Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na faili la maandishi ya mchezo, maagizo yote mstari kwa mstari kama aliyeutunga alivyoyaandika, na pia programu ya kuyageuza maandishi hayo kuwa mchezo. Nilikuwa nimeliona zamani nikaliacha, kwa sababu ni Kiingereza kilichokatwakatwa na alama nyingi. Sasa nililifungua. Nilisoma kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine akiwa hana miwani. Nilimpigia yule mwalimu mara kwa mara, naye hakunichoka, au hakuonyesha. Alinifundisha kwamba juu kabisa ya faili kuna mahali debe la alama linapotajwa kwa jina na ukubwa wake, na kwamba ukubwa huo ni neno moja tu unaloweza kulibadilisha. Nikalibadilisha. Mchezo ukakataa kufunguka. Kumbe orodha nayo ilikuwa na madebe yake madogo, na mahali pa kuihifadhi orodha pia. Nilibadilisha hapa, pakaharibika pale. Nilifanya hivyo mchana, kukiwa hakuna wateja, na Ijumaa nilifunga kabla jua halijazama, Sabato isinikute kazini, kama marehemu alivyotaka tufanye siku zote.

Hatimaye ulifunguka. Nilijipa alama elfu thelathini na mbili mia saba kwa kuziandika kwenye maagizo, nikavunja matofali kadhaa, nikaona zinavuka 32,767 na kuendelea tu. Hazikupinduka. Kisha nikaifungua orodha, nikafuta hasi, nikaandika 35,330 mbele ya herufi zake. Akapanda kutoka chini mpaka juu. Aliyemfuata alikuwa mbali sana.

Nilitaka mama yake ajue. Nyumbani kwao ni upande wa Nyamarambe, na kuna jambo la kueleza hapo. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kuachana nafasi. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawasemezani ovyo. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Siku hizi wengi wameilegeza, utawaona wamekaa kochi moja wakitazama televisheni. Mama mkwe wangu hakulegeza. Tangu nioe, likiwepo la kumwambia nalipeleka kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye alirudi nyumbani na anaishi na mama. Na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo.

Kwa hiyo nilimpigia shemeji. Nikamwambia mwambie mama hivi na hivi, kwamba yule hakuwa wa mwisho, alikuwa wa kwanza, na kwamba mashine ndiyo iliyokuwa ndogo. Shemeji alilia kidogo kwenye simu. Alisema atasema kama nilivyosema.

Hakusema kama nilivyosema. Habari ikipita mkono wa pili huongezwa chumvi, na mimi nilikuwa nalijua hilo. Alimwambia mama kwamba kompyuta ilitengenezwa na Wazungu wasomi na marehemu aliishinda mpaka ikachanganyikiwa. Na mama, ambaye hajawahi kuketi mbele ya kompyuta, Sabato iliyofuata alisimama kanisani wakati wa shuhuda. Alisema binti yake aliitwa jina baya sokoni bila kosa, na Mungu amelifuta. Shemeji alinieleza hayo yote akiwa na furaha. Watu walisema amina, alisema, hata wale wanaosinzia.

Kwa wiki chache mambo yaliishia hapo. Wale vijana niliwaeleza, na yule mtoto wa jirani akaja baadaye peke yake kuniomba radhi. Jina likaanza kupotea sokoni.

Halafu nikaenda kumaliza kazi. Sikuwa na haja. Mchezo ulikuwa unakwenda. Lakini mwalimu alikuwa ameniambia kosa la namna ile mara nyingi haliko moja, na mimi sipendi kumrudishia mtu simu ambayo sijaikagua yote. Nikashuka kwenye faili mpaka sehemu ya bonasi, ambayo nilikuwa sijaisoma kwa sababu nilidhani bonasi ni kumi kumi kama matofali.

Haikuwa kumi kumi. Maagizo yalisema hivi: chukua idadi ya matofali, zidisha kwa sekunde zilizobaki, zidisha kwa kumi, kisha gawanya kwa namba ya ukuta uliofikia. Hesabu hiyo ilifanywa kwenye debe jingine dogo, na kuzidisha kulitangulia kugawanya. Nikachukua kalamu. Matofali sitini, zikibaki sekunde tisini, mara kumi. Elfu hamsini na nne. Debe halibebi. Linapinduka, linakuwa hasi elfu kumi na moja na zaidi, kisha hiyo hasi ndiyo inayogawanywa na kuongezwa kwenye alama zako. Yaani unanyang'anywa. Na kadiri unavyoumaliza ukuta upesi, ndivyo sekunde nyingi zinavyobaki na ndivyo hesabu inavyoweza kupinduka. Mchezaji mzito hakuguswa. Vijana hawakuguswa. Kosa hili lilimngoja mtu anayecheza kama yeye.

Nilikaa na hiyo karatasi mpaka chai ikapoa. Ile sifuri ya mwisho, tuliyoiona mimi na mwalimu tukasema imekaa sawasawa, haikuwa ushahidi wa kitu chochote. Alama zikishachanganyika na bonasi zilizogawanywa, zinaweza kuishia na namba yoyote. Inawezekana alifika 35,330. Inawezekana alifika mara mbili ya hiyo. Inawezekana pia hakufika hata elfu kumi, na bonasi zilizopinduka ndizo zilizomzamisha. Kila bonasi ilipogawanywa, kipande kilitupwa, na mashine haikuweka kumbukumbu ya kilichotupwa. Nilimpigia mwalimu. Nilisikia wanafunzi wakipiga kelele nyuma yake. Akasema niko sahihi. Akasema hakuna namna ya kurudi nyuma kutoka kwenye ile namba.

Palikuwa na mtu mmoja aliyemwona mke wangu akicheza siku ile. Ni mama kutoka upande wa ziwa anayeuza omena na samaki wa kukaanga mbele ya duka langu, na alikuwa rafiki yake kuliko dada zake. Nikamuuliza kama anakumbuka ile namba ilivyogeuka. Je, ilikuwa katikati ya kuvunja matofali au baada ya muziki?

"Baada ya kale kamuziki," alisema. "Hilo nakumbuka, kwa sababu alikuwa ametabasamu."

Nikamuuliza ilikuwa ngapi kabla ya hapo.

"Jirani, mimi nilikuwa namtazama yeye. Namba sikutazama."

Alinieleza mengine ambayo sikumuuliza. Mke wangu aliendelea kucheza baada ya hasi kutokea, kwa bidii sana, akijaribu kuipandisha irudi juu. Kila muziki ulipolia alitazama ile namba. Halafu wakati fulani akaondoa mkono kwenye kibodi, akauweka mapajani, akaacha mpira uanguke. Wala haukuwa mpira mgumu, alisema.

Akaniambia nisijitese, niandike laki moja basi, nani atakuja kubisha? Marehemu hawezi, na walio hai hawajali. Alisema kwa wema. Nikamwambia nitafikiri, lakini nilikuwa nimeshafikiri. Nilirekebisha bonasi, nikaipa debe kubwa, na kugawanya baada ya hapo kukawa salama. Kisha nikaifungua orodha. Nilijaribu kuacha mahali pa namba yake patupu, mchezo ukasoma patupu kama sifuri, na hiyo sifuri nayo haikuwa yake. Kati ya namba zote nilizoweza kuandika, moja tu ndiyo niliyojua kwamba mashine iliiandika yeye akiwa amekaa pale. Nikairudisha ile hasi. Akashuka mpaka chini.

Nilimpigia shemeji nikamweleza nilichokigundua, nikamwomba ampelekee mama.

"Hilo sitalipeleka," alisema. "Shemeji, mama analala sasa. Kabla ya habari yako alikuwa halali. Unataka nimwambie nini, kwamba tulidanganya kanisa?"

Nilimwambia hatukudanganya, tulikosea. Akasema kwa mama yake hicho ni Kiswahili tu, kupamba maneno. Akasema kama nina kiu ya ukweli nije niunywe mwenyewe, akakata simu.

Nilienda siku ya Jumapili. Nilikuta shemeji akianika mahindi uani. Aliponiona alijua, akaingia ndani kumwambia mama, na sikusikia akisema nini. Akaniletea kiti nje ya mlango, chini ya bati, mahali ninapokaa siku zote nikifika pale. Mama alikuwa ndani, karibu na mlango, mahali nisipoweza kumwona. Niliona ncha ya shuka lake tu. Shemeji akasimama katikati, kwenye kizingiti, kama desturi inavyotaka, lakini alikunja mikono na kutazama mahindi, nikajua hatanisaidia.

Nikasema nikiangalia migomba. "Mama, ile namba niliyoituma haikuwa ya kweli. Sijui alipata ngapi."

Kuku walipita. Sikutegemea anijibu mwenyewe, lakini alijibu.

"Alipata zaidi?"

"Sijui."

"Alipata chache?"

"Inawezekana, mama. Mashine iliharibu hesabu kabla ya kuiandika. Nimetafuta, hakuna njia ya kuipata tena."

Alikohoa. Nilisikia kiti chake kikilia. "Niliwaambia watu wa kanisa," alisema. "Sasa itabidi nisimame tena."

Nilisema nitasimama mimi badala yake kama atataka. Hakujibu hilo. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo, kwa sababu katika kazi yangu yote na lile faili sikuwa nimejiuliza kwa maneno.

"Na yeye, alikufa akijua ni mashine?"

Shemeji alinitazama. Aliinamisha kichwa, polepole, mara moja, akiniambia niseme ndiyo. Ingekuwa rahisi. Mama hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza duniani.

"Hapana, mama," nikasema. "Alidhani ni yeye."

Hakulia. Ningemsikia, ukuta ule ni wa udongo. Baada ya muda alizungumza tena, lakini si nami, alimwambia binti yake, kwa ile sauti ya chini ambayo wote watatu tuliisikia vizuri.

"Mwambie mkwe mvua inakuja. Mpe mwavuli."

Shemeji akanigeukia akanirudia maneno yaleyale, neno kwa neno, safari hii bila kuongeza kitu. Nikamwambia, mwambie mama nashukuru. Akamwambia. Nikasimama nikapewa mwavuli, na nilikuwa nimefika kwenye lango la shamba la chai matone yalipoanza.